Chupa Safi Kuliko Zote Toronto

Tulipotoka makaburini tuliingia ukumbi wa kanisa, kule Scarborough, mashariki ya Toronto, ambako akina mama walikuwa wamepanga mezani sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki wa kukaanga na sufuria mbili za fufu zilizofunikwa kwa taulo zisipoe. Tulikuwa tumemzika Mama Neema. Nilikaa karibu na mlango, sahani mapajani, nikisikiliza watu wakimsifu kwa Kiswahili cha Uvira na Kifaransa na Kiingereza, sentensi moja ikianzia lugha hii na kumalizikia ile. Ndipo Neema, binti yake mkubwa, ambaye sasa ni mwalimu na ana mvi zake mwenyewe, aliponivuta kando akafungua simu. "Auntie Mueni, ona hii," aliniambia kwa Kiingereza, lugha ambayo amekuwa akinijibu tangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita alikuwa amewapeleka wanafunzi wake kwenye makumbusho ya mjini, na ndani ya kabati la kioo akakiona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa macho ila alikisikia utoto wake wote. Ilikuwa chupa fupi ya udongo wa kahawia, yenye tumbo lililobonyezwa, na kwenye bonyeo moja mzee mnene anayecheka, gunia begani. "Si ndiye yule mzee mama alikuwa akitutishia naye?" Ndiye. Nilikuza picha nikasoma kibandiko chini yake. Kilisema ni chupa ya sake, pombe ya mchele, kutoka Japani, zawadi ya familia moja ya Agincourt. Kisha: *Ya mapambo. Haina dalili za kutumika.*

Nilimrudishia simu nikamwambia ndiyo, ni yenyewe, kisha nikaenda kusaidia kuosha vyombo. Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee karibu miaka thelathini, na muda wote huo nimeandika ripoti. Kila zamu ina daftari: amekula nini, saa ngapi, amekunywa dawa zipi, amelala vipi. Najua tofauti ya kilichoandikwa na kilichotokea. Sentensi ile ya kibandiko haikuwa kweli, na kati ya watu wote waliokuwa hai siku hiyo ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini iliandikwa. Wa pili alikuwa ndani ya udongo tangu saa tano asubuhi.

Mwaka nilipoijua chupa ile nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimepanga kitanda, si chumba, katika nyumba ya Mama Neema ghorofa ya kumi na nne kule Crescent Town. Yeye na wanawe watatu walilala chumba kimoja, mimi nilikuwa sebuleni nyuma ya pazia lenye maua. Lifti ilinuka vitunguu na sabuni ya kufulia, na kila Ijumaa jioni sebule hiyo hiyo iligeuka kuwa mahali pa maombi, kwa hiyo Ijumaa kitanda changu kilikuwa kiti cha watu watano. Mama Neema hakuwa ndugu yangu. Mimi ni Mkenya, yeye alikuwa amekimbia vita Uvira akiwa na mtoto mgongoni. Lakini alinipokea uwanja wa ndege siku ambayo mtu aliyeahidi kunipokea hakuja, akanipa koti la marehemu mumewe, akanionyesha basi gani linakwenda wapi. Nilimwita Mama, na neno lake ndani ya nyumba ile lilikuwa ndilo neno.

Wakala wa kazi alinipeleka Agincourt, mabasi mawili kutoka kwetu, kwenye nyumba ndogo ya matofali ya bibi mmoja wa miaka themanini na miwili. Jina lake lilikuwa Sumiko. Nilishindwa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake, ingawa ndivyo alivyotaka, kwa hiyo nilimwita Shosho, na alipouliza maana yake nikamwambia ni bibi, mama wa mzazi. Alilijaribu mdomoni mara mbili. "Ni kama neno la kwetu," akasema. "Basi niite hivyo." Jina langu alilitamka vizuri siku ya kwanza, Mu-e-ni, kila silabi mahali pake. Ofisini kwa wakala walikuwa bado wananiomba nilitaje herufi moja moja kila niendapo.

Macho yake yalikuwa yameisha katikati. Aliona kingo za vitu, mlango bila mtu aliyesimama mlangoni. Mikono ilimtetemeka. Nilikuwa nafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi. Nilimpikia wali laini na yai, nikamfungulia chupa ya plamu zilizotiwa chumvi, kali hata mate yanakutoka kwa kuzitazama, na mchana tulikula mkate na supu ya kopo kama Wakanada wengine wote. Alizaliwa Kanada, na mumewe pia. Kijapani chao kilikuwa cha jikoni, aliniambia, cha kugombeza watoto. Wakati wa vita serikali iliwaondoa watu wa asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi, kila mtu na mizigo anayoweza kubeba, na nyumba walizoziacha zikauzwa pamoja na vilivyomo. Shosho alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Chupa ile alikuwa amepewa na mama mkwe wake siku ya harusi, nayo aliitorosha ndani ya buti la baridi la mumewe, imefungwa kwa soksi. "Askari alitazama buti," alinisimulia. "Hakutazama ndani ya soksi. Zilikuwa soksi za Tom. Hakuna mtu ambaye angetaka kuzitazama."

Tom ndiye mumewe. Alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja kabla sijafika, na picha yake ilikuwa ndani ya kabati dogo jeusi sebuleni, mlango wake ukifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Mbele ya picha kulikuwa na ubani, chungwa au biskuti, na kikombe kidogo kama nusu ya ganda la yai. Kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla ya dawa na kabla ya chai, ilikuwa kutoa sake kwenye friji, kuimimina ndani ya chupa ya udongo, na kutoka kwenye chupa ya udongo kumimina ndani ya kikombe. Niliwahi kuuliza kwa nini nisimimine moja kwa moja. Shosho alikunja uso. "Tom hamiminiwi kutoka chupa ya dukani." Hapo zamani alifanya mwenyewe, lakini mikono ilikuwa imeanza kumwaga, na kumwaga kulimwumiza kuliko kutoona. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alisema tu kwamba kila kitu kingine kilichukuliwa, na hiki alikifanya kila siku tangu Tom afe, hajaruka hata siku moja.

Kwa wiki tatu nilimimina sake. Niliandika katika daftari, kwa maandishi yangu ya shule, *Amewekewa kinywaji cha marehemu*, nikaweka saa. Kisha Alhamisi moja nilirudi Crescent Town na Mama Neema, aliyekuwa akisonga fufu, akasimama na mwiko mkononi. "Weye. Unanuka pombe." Nikamwambia imenimwagikia kwenye mkono wa sweta. "Pombe ya nani?" Nikamweleza. Nilimweleza yote, kabati, picha, ubani, mzee anayecheka kwenye chupa, na niliona uso wake ukifunga kama duka. "Bon. Sikia, binti. Ile si kazi. Kufuta mzee, ile ni kazi. Kupikia mzee, ile ni kazi. Kupatia wafu pombe, na sanamu inakuangalia, ile ni ibada. Weye umeokoka ao hujaokoka?" Watoto walikuwa wameacha kula. Nikasema nitamwambia wakala wanibadilishie nyumba. "Wakupeleke wapi? Umekaa miezi minne bila kazi. Hapana. Weka maji. Mungu anaona maji. Ule mzee haoni kitu." Kisha akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu aliyepata njia ya kupita kwenye matope bila kuvua viatu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ilinichukua usiku mmoja tu. Sikuamini kabisa kwamba chupa ile ilikuwa na kitu ndani yake. Wala sikuamini kabisa kwamba haikuwa nacho. Nilichokijua ni kwamba Ijumaa watu watano wangekaa kitandani kwangu na mmoja wao angeuliza, mbele ya wote, kama Mueni bado anahudumia miungu. Kesho yake nilifungua bomba la jikoni taratibu, maji yasipige kelele, nikajaza chupa. Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyenishauri. Nilitoa sake kwenye friji nikapima kipimo cha siku na kukimwaga kwenye sinki, ili chupa ya dukani iendelee kupungua na Ken, mwanawe aliyekuja Jumapili na mahitaji ya wiki, asishuku lolote. Katika daftari niliandika yale yale. *Amewekewa kinywaji cha marehemu. Saa mbili na dakika ishirini.* Huo ulikuwa mpangilio wangu. Hata uongo niliutunza vizuri.

Kilichoanza kunisumbua ni kikombe. Nilikiacha kimejaa saa kumi nikiondoka, na kila asubuhi nilikikuta kitupu, kimepinduliwa, kikavu. Shosho hakuwahi kueleza, na mimi, niliyekuwa na sababu ya kukwepa habari za kikombe kile, sikuwahi kuuliza. Nilimwambia Mama Neema. Aliweka mikono kichwani. "Mapepo banakunywa! Si nilikwambia? Banakunywa!" Ijumaa hiyo nilipakwa mafuta kwenye paji la uso na kuombewa mpaka sauti zikakauka, na Neema mdogo, aliyekuwa akichungulia pembeni mwa pazia, akaanza kuota mzee mnene anayetembea na gunia kwenye korido ya ghorofa ya kumi na nne. Mama yake akaona manufaa. Mtoto asiyelala aliambiwa mzee wa chupa amefika ghorofa ya kumi. Amefika ya kumi na mbili. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nilianza kupitia mlango wa nyuma kule Agincourt nisilione kabati kabla sijawasha taa zote.

Theluji ilianguka katikati ya Februari, ile nzito inayozima sauti za magari. Saa tisa mabasi yakasimama. Shosho akasema nisiwe mjinga, nilale kwenye kochi, nyumba ina wali wa kutosha. Nilikuwa jikoni nikimenya karoti, giza la saa kumi na mbili limeshaingia, nilipomsikia akiburuta kiti sebuleni. Mlango ulikuwa nusu wazi. Alikuwa ameketi mbele ya kabati, magoti yakigusana nalo. Alipapasa mpaka akakipata kikombe, akakishusha kwa mikono miwili, akakileta karibu na pua. Halafu akaiambia picha, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mke anayemweleza mumewe kwamba nyama imeungua, "Maji tena, Tom. Vumilia. Msichana anaogopa."

Akayanywa. Akapiga midomo kama mtu aliyekunywa kitu kizuri. Akakifuta kikombe kwa leso yake, akakipindua, akafunga mlango wa kabati. Kisha akaja jikoni akishika ukuta na kuniuliza kama karoti zile ni za supu au ninazichonga sanamu, maana nimezimenya nusu saa.

Hapo ndipo nilipoelewa, karoti mkononi, jambo ambalo mtoto yeyote wa kwao angelijua: kinachowekwa asubuhi kwa ajili ya wafu hushushwa jioni, na aliye hai hukinywa au hukila. Hakuna pepo aliyekuwa akinywa. Shosho alikuwa akinywa na mumewe kila jioni, kikombe kimoja, naye alikuwa amejua tangu jioni ya kwanza. Miezi mitatu alikuwa amekunywa maji ya bomba niliyompa, akaniombea radhi kwa marehemu, na asubuhi akanisalimia kwa jina langu lililotamkwa vizuri.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake nilimimina sake. Nilisimama pale jikoni, chupa ya udongo mkono huu, ya dukani mkono ule, theluji imefika kwenye kingo za dirisha. Shosho alikuwa ameketi mezani, uso ameugeuzia upande wangu, na sijui hadi leo kama alikuwa akisikiliza. Kumimina sake kungekuwa kukiri kwamba nimesikia. Kukiri kungehitaji maneno, na baada ya maneno yale ningeweza kufukuzwa, au vibaya zaidi, ningesamehewa papo hapo, na jioni yake ningeulizwa nyumbani nimefanya nini. Nikafungua bomba. Safari hii sikulifungua taratibu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumwambia, na ilikuwa njia ya mwoga. Nikaendelea hivyo miezi miwili mingine, sote wawili tukijua, naye hakusema neno ila mara moja, akinywa chai, "Wewe ni mtu makini sana, Mueni," na sikuona mahali pa kuweka macho.

Usiku mmoja nilimwambia Mama Neema kwamba Shosho anajua. Alikuwa akikunja nguo za watoto. Aliendelea kukunja. "Basi umwombee," akasema, na hatukulirudia.

Mwezi wa tano Shosho alianguka bafuni, na Ken akamtafutia nafasi katika nyumba ya wazee. Siku ya kuhama sebule ilijaa maboksi. Kabati jeusi lingekwenda naye, lakini kule hawakuruhusu pombe vyumbani wala ubani, na watu wa makumbusho walikuwa wamekwisha kuonyesha hamu ya kuichukua chupa. Ken, mtu mpole mwenye haraka, alimuuliza mama yake kama ana uhakika. Alisema anao. Akaniita. "Mueni, ioshe kabla hawajaichukua." Akaipapasa, akaweka kidole gumba ndani ya bonyeo lisilo na mzee, mahali ambapo udongo ulikuwa umeng'aa kwa vidole vya miaka mingi. "Ingawa nadhani hii ndiyo chupa safi kuliko zote Toronto."

Ken akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi nilikwenda jikoni nikaiosha. Niliisugua ndani kwa brashi ndefu na magadi, nikasuuza, nikasugua tena, mara tatu, maji ya moto mpaka mikono ikawa myekundu. Nilifikiri ninaosha kosa langu. Sikujua kwamba nilikuwa naondoa pia kila tone la sake ambalo Shosho alimimina kwa mkono wake miaka kumi na mmoja, na ya kabla ya hapo, aliyonywa Tom mwenyewe akiwa hai. Nilipoirudisha kavu, aliinusa mdomoni. Akatikisa kichwa kidogo na kunipa mkono. Alifariki majani yalipoanza kuanguka. Ken alinipigia simu kunialika mazishini, na mimi nikamwambia nina zamu. Zamu hiyo nilikuwa nimeiomba mwenyewe, dakika kumi baada ya kusikia habari.

Nilifikiri Mama Neema amesahau. Lakini wiki mbili kabla hajafa nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake hospitalini, nikimpa uji kwa kijiko, akanishika mkono nisimpe kingine. "Ule mzee wa Japoni," akasema. "Ni yeye alikuwa anakunywa ile maji?" Nikasema ndiye. "Kila siku?" Kila siku, Mama. Akauachia mkono wangu. Alikuwa mwanamke aliyewalea wanawe watatu na nusu ya vijana wa kanisa letu, aliyenipa koti nisigande, na sitamwacha mtu yeyote amkumbuke kwa chupa peke yake. "Eh," akasema. "Na mimi nilicheka." Kisha akafungua kinywa apewe kijiko.

Kwa hiyo baada ya mazishi niliandikia makumbusho barua pepe, aya mbili, nikaeleza kwamba ninaifahamu chupa yao na kwamba kibandiko kina kosa. Nilijibiwa na mtunzaji, msichana wa umri wa mjukuu ambaye Shosho hakumpata, naye akanikaribisha Jumanne. Nilikuta ameitoa kabatini na kuilaza kwenye mto mweupe juu ya meza. Aliniambia ninaweza kuishika, nikiwa nimenawa. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Kidole changu gumba kilikwenda chenyewe kwenye lile bonyeo, na mzee mnene akanicheka upande wa pili kama alivyonicheka siku zote.

"Shida ni kwamba ndani ni safi mno," mtunzaji alisema, akifungua faili kwenye kompyuta. "Chupa ya udongo usiopakwa kitu huhifadhi mabaki. Hii haina chochote. Ndiyo maana wenzangu waliotangulia waliandika ni ya mapambo. Wewe unasema ilitumika?"

"Kila siku," nikasema.

"Kwa sake?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi tatu nzuri. Ndani ya basi nilikuwa nimezipanga, Shosho mbele, mimi nyuma kabisa, pengine nisionekane. Nikaiweka chupa kwenye mto.

"Alipomimina mwenyewe, ilikuwa sake. Alipoacha kuona, wiki tatu sake, kisha miezi mitano maji. Maji yale nilitia mimi, kwa makusudi, na sake ya kila siku nikaimwaga kwenye sinki. Yeye alijua akayanywa. Na aliyeisugua ndani kwa magadi ni mimi pia. Tafadhali andika yote."

Hakuniuliza kwa nini. Aliandika kwa muda, vidole vyake vikienda na kusimama. Kisha akainua macho, kwa adabu, na kuniomba nimtajie jina langu, herufi moja moja. Nikamtajia.